Ukanda wa Shaba Kaburini

Kaburi lilianza kusema siku ya Alhamisi, saa saba na dakika chache mchana, na wa kwanza kulisikia alikuwa Damaris Akeyo, mtunza mlingoti wa redio kule Kisegi.

Alikuwa akifyeka nyasi karibu na ua. Jua lilikuwa kali, ziwa limelala bila kukunja uso, na ndani ya uwanja ule wa ekari nane hakukuwa na mtu mwingine. Kwanza alidhani ni simu ya mpita njia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Ilitaja jina la mzee mmoja wa Mfangano aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ikataja wajane wake wawili, watoto wake kumi na mmoja, na siku ambayo mwili ungetolewa mochari. Damaris akashusha panga. Barabara ilikuwa tupu. Sauti ilitoka chini, penye lile shimo alilolifunika kwa matawi, na sasa ilikuwa imeanza kutaja marehemu wa pili.

Hakukimbia. Hofu ya Damaris haikuwa ya miguu. Ilikuwa hofu ya kugandisha, ile inayomfanya mtu ahesabu pumzi zake. Alisimama palepale mpaka marehemu wanne wakaisha kutangazwa na wimbo wa kanisa ukaanza, na huo wimbo nao ukapanda kutoka ardhini.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa Sori, kwenye ufuo wa Nyatike, akaolewa Kisegi na Boaz, mvuvi ambaye wenzake walimtania kwamba alipokwenda kuoa aliacha moyo wake kwa wakwe, maana mpaka leo mtumbwi wake uliegeshwa Sori na alirudi nyumbani Jumamosi hadi Jumamosi. Kwa miaka mingi Damaris aliuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kisha watu wa redio wakaja kutafuta ardhi karibu na maji, na mzee Ogweno, baba mdogo wa Boaz, akawauzia uwanja uliokuwa na boma lake la kwanza. Katika makubaliano iliandikwa kwamba mtu mmoja wa ukoo apewe kazi ya kuutunza mlingoti. Wanaume waliona ni kazi ya kukaa tu. Damaris akaichukua, na miaka saba sasa alikuwa hajakaa.

Siku ya kwanza alifundishwa na Mniko, fundi Mkuria aliyekuwa akija kutoka mjini Migori kila baada ya miezi mitatu. Alikuwa mtu mfupi mwenye maneno mengi.

"Mama Liz, ule mnara wa simu kule sokoni unauona? Ule umebeba vitu vinavyosema. Huu haukubeba kitu. Huu wenyewe ndio mdomo, chuma chote, kuanzia hapa chini mpaka kwenye taa ya juu. Unaona umesimama juu ya nini?"

Damaris aliinama kutazama. Mlingoti wote, mita tisini za chuma, ulikuwa umesimama kwa mguu mmoja juu ya kigae kinene cha kauri nyeupe.

"Hicho ndicho kinachoutenga na ardhi. Ndege akitua juu yake, salama, kwa sababu hagusi ardhi. Fundi anayetaka kuupanda ukiwa unasema huruka kwa miguu yote miwili, kama anayedandia gari, asiguse chini na chuma kwa wakati mmoja. Lakini wewe ukiugusa umesimama hapo ulipo, mama, utakuunguza mpaka mfupani."

Mwaka wa pili mbuzi wa jirani alipenya ua akajikuna ubavu kwenye chuma. Damaris ndiye aliyeuzika mzoga. Tangu siku hiyo kila alipoupita mlingoti alipita amekumbatia mikono kifuani.

Mniko alimweleza pia yale yasiyoonekana. Nusu ya mlingoti, alisema, iko chini ya nyasi: nyaya za shaba mia moja na ishirini, zimetandazwa pande zote kama njiti za gurudumu, kwa sababu mlingoti wa aina hii husukumana na ardhi ndipo upate nguvu ya kutupa sauti. Usipoupa mahali pa kukanyagia, moto mwingi wa umeme huishia kupasha udongo. Nyaya za upande wa ziwa zilikusanywa na ukanda mmoja wa shaba, mpana kama kiganja, uliofukiwa kwa kina cha kiuno ili jembe la ng'ombe na wauza vyuma chakavu wasiufikie.

Na sauti yenyewe, alisema huku akichora kwa kijiti, huondoka kwa njia mbili. Kuna wimbi la ardhini, linalotambaa juu ya udongo na juu ya maji, likichoka kidogo kidogo. Hilo ndilo la wavuvi. Na kuna wimbi la angani, linalopanda juu kwa mshazari. Mchana hilo la pili humezwa na tabaka la chini la anga, halirudi. Jua likitua tabaka hilo hupotea, wimbi hupanda hadi lililo juu zaidi, likagonga huko na kurudishwa chini mbali kabisa, nchi za watu.

"Kwa hiyo mchana," Damaris aliuliza, "tuna moja tu?"

"Mchana tuna moja tu. Ndiyo maana nakwambia uchunge ardhi. Mbinguni kutajichunga."

Aliichunga miaka saba. Kisha mzee Ogweno akafa.

Mzee alikuwa amewaambia wanawe wamzike pale ulipokuwa mlango wa nyumba yake ya kwanza. Pale palikuwa ndani ya ua wa redio, hatua kumi na tano kutoka kwenye mguu wa mlingoti. Siku ya Jumanne, kabla umande haujakauka, mjane wake Rispa alifika langoni na vijana sita wenye majembe na shoka.

"Mke wa Boaz, fungua."

"Mama, hapa ni pa redio sasa. Ngoja nimpigie Bwana Tony, meneja."

"Tony alizaliwa wapi? Mume wangu alizaliwa hapa. Fungua, au unataka niwaambie watu kwamba mzee amefungiwa nje na mke wa mwanawe, kama mbwa?"

Damaris aliogopa mambo mawili. Aliogopa kupoteza kazi, na aliogopa kuwa yule mwanamke aliyemfungia maiti lango. La pili lilikuwa karibu zaidi, limesimama mbele yake limevaa leso nyeusi. Akafungua.

Walichimba. Walipofika kiunoni wakakuta ukanda wa shaba. Damaris alinyanyua mkono, akafungua mdomo, lakini mke wa ukoo hasimamishi kaburi linalochimbwa, akaushusha mkono. Kijana mmoja akaupiga kwa shoka mara tatu. Mara ya tatu cheche ya samawati iliruka, shoka likamponyoka, wenzake wakamcheka mpaka wakaketi. Waliendelea hadi kifuani, hapo wakagonga mwamba. Sururu mbili zilivunjika. Jioni wazee wakaamua mzee azikwe nje ya ua, ubavuni mwa nyumba ya mwanawe mkubwa, na Jumamosi akazikwa huko.

Shimo la kwanza likabaki. Kila mtu wa Kisegi anajua kwamba shimo lililochimbwa kwa ajili ya mtu haliachwi wazi na tupu. Hulazwa ndani yake mgomba, likafukiwa, likaridhika. Wazee walisema hivyo mara mbili. Lakini kulikuwa na mahema ya kusimamisha, ng'ombe wa kuchinjwa, ugomvi wa wakwe, na kila mtu alidhani mwenzake amelifukia. Waliokumbuka baadaye hawakutaka kuwa wao wa kulikaribia. Damaris alilifunika kwa matawi, akaenda kwenye kibanda cha mita kilicho karibu na mguu wa mlingoti.

Kila asubuhi alitakiwa kusoma mshale unaopima nguvu ya mlingoti na kumtumia Tony nambari kwa simu. Kwa miaka saba mshale ulisimama kwenye kumi na mbili. Sasa ulisimama kwenye saba.

Akaandika kumi na mbili.

Siku iliyofuata akaandika kumi na mbili tena, na iliyofuata. Jumapili, kabla ya kurudi Sori, Boaz alikaa mlangoni akitafuna muhogo, akasema, "Ajabu, Mama Liz. Wiki yote hii saa kumi, wakisoma hali ya hewa, hatusikii kitu kule ziwani. Kelele tu, kama mtu anakaanga samaki."

"Ni betri," Damaris alijibu haraka mno. "Badilisha betri."

Boaz akamtazama kidogo, akaendelea kutafuna.

Jumatatu ikaja habari iliyompa pumzi. Tony aliwatumia wafanyakazi wote ujumbe kwa furaha: msikilizaji wa Mbeya, huko Tanzania, ameandika kwamba aliisikia redio yao usiku, wazi kama yuko studio. Damaris akampigia Mniko, akijifanya anauliza tu.

"Fundi, kama tunasikika Mbeya, basi Sori si tatizo?"

Mniko alicheka. "Mbeya si kipimo, mama. Mbeya ni wimbi la angani, la usiku, linaruka juu ya vichwa vyetu sote. Hata ukiwa mgonjwa linaweza kufika. Mtu wa Mbeya anaweza kukusikia ukiimba, na mvuvi aliye mbele ya macho yako mchana asisikie hata kikohozi. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Akaamua atamwambia Boaz Jumamosi. Akarudi kuandika kumi na mbili, na kila alipoandika alihisi shimo lile nyuma ya mgongo wake. Walikuwa wawili sasa waliokuwa wakimngoja mume wake: ukimya wa saa kumi, na hilo shimo lililochimbwa bila kupewa mtu.

Ndipo Alhamisi likaanza kusoma vifo.

Simu ililia huku wimbo wa kanisa bado ukitoka ardhini. Damaris alishtuka hata panga likaanguka. Alikuwa Cate, mtangazaji, akipiga kutoka studio mjini Homa Bay.

"Mama Liz, mashine iko sawa? Leo saa kumi tusikose hewani hata kwa dakika. Watu wa hali ya hewa wametuletea onyo. Upepo mkali na radi kutoka kusini kabla ya jua kutua. Mitumbwi yote irudi."

"Ziwa limetulia, Cate."

"Hata hapa limetulia. Ndiyo inaniogopesha. Uko salama? Sauti yako haiko sawa."

"Niko sawa."

Alimpigia Boaz. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Akampigia Beverlyne, mwanamke aliyekuwa na kibanda cha chai ufuoni Sori, na kumuuliza kama mtumbwi wa Boaz umetoka.

"Aa, hao wameshapotea machoni. Wametoka saa sita, wamesema wanaenda mbali leo, samaki hawa mbuta wamehamia nje. Kwani kuna nini, shemeji?"

Huko nje simu haishiki. Hakukuwa na njia ya kumfikia Boaz isipokuwa sauti ya Cate saa kumi, na njia ya hiyo sauti ilikatwa na watu ambao Damaris aliwafungulia lango kwa mkono wake.

Akampigia Mniko na kusema yote. Hakusita hata mara moja: lango, shoka, mshale, nambari za uongo, betri. Upande wa pili palikuwa na ngurumo ya kinu. Mniko alikuwa Sindo, akitengeneza mashine ya kusaga ya mtu. Kinu kikazimwa.

"Nambari ni ngapi?"

"Saba."

"Siku tisa, mama! Siku tisa unanidanganya!" Kisha, kwa sauti nyingine, "Usikaribie hilo shimo. Nakuja."

Alifika saa tisa kasorobo juu ya pikipiki, na mfuko wa vibano vya shaba mgongoni. Juu ya ziwa, upande wa kusini, palikuwa pamechorwa mstari mwembamba wa rangi ya jivu. Mniko alitembea kwa haraka hadi penye matawi, akasikia sauti, na haraka yake ikaisha. Kaburi lilikuwa likitangaza bei ya mbolea.

"Hiyo ni Cate," alisema, akijipangusa uso.

"Najua ni Cate. Anafanya nini humo?"

"Ni ule ukanda. Ncha zake mbili zimekaribiana, kuna mzizi mbichi katikati. Moto wa mlingoti unaruka hapo, cheche inatetemesha hewa, hewa inakuwa sauti. Nimeshaona hata majani makavu yakisema. Hakuna mzimu hapo, mama."

"Basi ingia uunge."

Mniko alitazama shimo. Akatazama vibano. "Mimi siingii."

"Si umesema hakuna mzimu?"

"Mimi nimesema. Mke wangu Nyakerario hajasema." Akashusha sauti. "Ana mimba ya miezi minane. Kwetu mwanamume mwenye mimba nyumbani hashuki katika kaburi la mtu, hata la ndugu yake. Nikiingia na mtoto akatoka vibaya, nitamwambia nini? Nitamwambia habari za cheche?"

Damaris hakumlaumu. Alivua viatu, akafunga leso kiunoni. "Zima mashine," alisema. "Na uniambie la kufanya."

Mniko alikwenda kibandani kuzima. Sauti ya Cate ilikatika katikati ya neno, na ukimya uliotoka katika shimo ukawa mbaya kuliko maneno. Damaris aliondoa matawi. Udongo ulikuwa mweusi juu, mwekundu chini, na mwamba ulikuwa umetoa jasho. Alikaa ukingoni, akaning'iniza miguu. Alimkumbuka mama yake mzazi alivyokuwa akiwavuta mikono wakiwa watoto wasikanyage hata udongo uliotoka kaburini. Akajiachia.

Ubaridi ulimpanda kutoka nyayoni. Ukingo ulimfika kwenye kwapa. Ukanda wa shaba ulichomoza pande zote mbili, umepindika, umeungua mweusi penye ncha, na kati yake palikuwa na mzizi ulionuka kama nywele zilizoungua.

Mniko alilala kifudifudi hatua mbili kutoka ukingoni. Kila kitu alikirusha. Hakukubali hata vidole vyake vivuke mdomo wa shimo.

"Kata mzizi. Sasa sugua ncha, sugua mpaka ing'ae, shaba chafu haibebi kitu. Sugua tena. Chukua kipande hicho kipya, kilaze juu ya zote mbili. Vibano vitatu kila upande. Kaza."

"Nimekaza."

"Kaza kama unamnyonga mtu."

Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro robo. Mstari wa jivu ulikuwa umepanda ukawa ukuta, ingawa Damaris, aliyekuwa ameinama, hakuuona. Aliona tu mwanga ukibadilika juu ya kichwa chake. Kibano cha tano kilimponyoka, nati yake ikazama kwenye tope la miguuni. Aliinama kuitafuta, na alipoinama dunia yote ikatoweka, akabaki na kuta nne za udongo na harufu yake. Alishika kokoto mara tatu kabla ya kuishika nati. Alipoinuka, mbele ya macho yake palikuwa na miguu ya mwanamke.

Rispa alikuwa amesimama ukingoni, redio yake ndogo mkononi. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua. Redio ilipokatika aliona pikipiki, akaja.

"Mke wa Boaz. Unafanya nini katika kaburi la mume wangu?"

"Naunga waya, mama."

"Toka!" Kisha, kama aliyejikwaa na neno lake mwenyewe, akapiga yowe. "La, usitoke! Umeshaingia, umeshaliamsha! Ukitoka ukaliacha tupu litachukua mtu wako. Unajua hivyo. Unajua!"

"Mtu wangu yuko majini sasa hivi, mama. Tufani inakuja na yeye hasikii redio."

Rispa aligeuka. Alitazama ziwa, akaona kile ambacho Damaris hakukiona, na midomo yake ikaanza kwenda bila sauti.

Mniko alikuwa ameshakimbilia kwenye mashine. "Saa kumi kasoro dakika mbili!" alipiga kelele kutoka mlangoni. "Kaza hicho cha mwisho, utoke! Siwezi kuwasha ukiwa humo!"

Damaris alikaza. Akaweka viganja ukingoni, akajisukuma. Udongo ukamomonyoka chini ya vidole, akarudi chini. Akajaribu kona ya pili, ikamomonyoka pia. Siku tisa za umande zilikuwa zimelegeza kuta zote.

"Mama, nipe mkono."

Rispa alirudi nyuma hatua moja. Hakuna anayempa mkono mtu aliye kaburini. Mkono huo huvutwa upande mmoja tu.

"Mama!"

"Siwezi, mwanangu. Siwezi."

Kule Homa Bay, katika chumba chenye mazulia ukutani, Cate alikuwa ameshaanza kusoma. Damaris alijua kama anayemwona: karatasi mkononi, taa nyekundu inawaka, na maneno yanakwenda mpaka Kisegi na kufia kwenye mashine iliyozimwa. Onyo husomwa mara mbili, baada ya hapo ni muziki. Aliutazama ukanda uliokuwa ukipita mbele ya magoti yake kutoka ukuta hadi ukuta. Kama muungano ni mzuri, moto utapita ndani ya shaba na kumwacha. Kama ni mbaya, utamtafuta yeye, amelowa, amesimama peku juu ya mwamba.

Alijibana kwenye ukuta wa mwisho, mgongo ndani ya udongo, mikono ameikumbatia kifuani.

"Washa!"

"Umetoka?"

"Washa, Mniko! Washa!"

Hakuona kitu. Alisikia kwa mbali kishindo cha swichi kubwa. Alifumba macho akangoja cheche, akangoja ile sauti ya debe ianze kumsemea magotini. Mdudu alitembea shingoni mwake. Shimo halikusema neno lolote. Ukanda ulilala kimya katika vibano vyake, na katika kimya hicho Damaris alielewa kwamba sauti imeondoka, imepita humo humo mbele yake bila kumgusa, imeshika maji.

Redio ndogo ya Rispa ikalipuka juu ya kichwa chake: "...narudia, mitumbwi yote iliyo nje ya visiwa, rudini ufuoni sasa hivi..."

"Kumi na mbili!" Mniko alikuwa akipiga kelele. "Kumi na mbili, mama, kumi na mbili!"

Kitu kilimgusa Damaris usoni. Ilikuwa ncha ya leso nyeusi. Rispa alikuwa amepiga magoti, ameshika ncha nyingine kwa mikono yote miwili, uso ameugeuzia pembeni. Hakutoa mkono, lakini alivuta.

Upepo wa kwanza, mwepesi bado, uliwafikia kabla hawajafika langoni. Mniko aliondoka bila kuaga vizuri, akitaka kuvuka mto kabla ya mvua. Rispa alimsindikiza Damaris hadi nyumbani, akitembea kando, si karibu naye, na penye njia panda akasema, "Usimwambie mtu kwamba nilikuvuta," akaenda.

Saa kumi na moja na nusu ziwa lilikuwa halionekani. Mabati yalilia. Damaris alikaa kitini na udongo wake, maana aliogopa kunawa, kana kwamba kunawa kungekuwa kusema mambo yamekwisha. Alimpigia Boaz mara ishirini. Beverlyne alisema mitumbwi mitano imerudi, Boaz hayumo. Kisha alisema saba. Kisha simu ya Beverlyne nayo ikazima.

Alianza kuwaza mambo ambayo mtu hapaswi kuwaza. Kwamba sekunde zile za mwanzo, onyo la kwanza, zilipotea. Kwamba Boaz aliona redio ni kelele tu wiki nzima akaacha kuifungua. Kwamba Rispa alisema kweli na yeye aliliacha shimo tupu.

Saa moja kasoro dakika kumi, simu yake ikalia kwa nambari asiyoijua.

"Mama Liz?" Alikuwa Boaz, na nyuma yake mvua ikipiga bati. "Nimeazima simu. Yangu imelowa. Tuko ufuoni, sote watatu. Lo, leo tungekwisha! Tulikuwa tunatupa nyavu, ghafla Cate huyu hapa, kama yumo mtumbwini. Hawa wenzangu wakasema twende tu, mimi nikageuza. Ule upepo mkubwa umetukuta tunaingia." Alikuwa akicheka. "Mama Liz? Mbona kimya? Umekufa?"

Damaris alitazama kucha zake. "Sijafa."

"Basi sema kitu."

Angeweza kusema ashukuriwe Mungu. Angeweza kusema kalale, tutaonana Jumamosi. Lakini kesho Kisegi nzima ingejua ni nani aliyekuwa kaburini, na baada ya hapo ingejua kwa nini, na yeye hakutaka Boaz asikie hayo kwa mtu aliyemwazima simu.

"Kuna jambo nililokufanyia," alisema. "Usikate."

Akamwambia. Alianza na lango, akapita kwenye shoka na nambari, akafika kwenye kile alichomjibu Jumapili wakati Boaz akitafuna muhogo. Hakuacha kitu. Alipomaliza, alisikia mvua ya Sori juu ya bati, na hakujua kama mume wake bado yupo pale.